MREJESHO: Maji ya bwawa niliyodhani hayana kitu

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini nachota maji ya bwawa, naweka kwenye hadubini, halafu naona vumbi tu. Na vidudu vichache nilivyobahatika kuviona vilikuwa vimekufa kesho yake.

Uliyeniambia niache maji ya katikati nikakamue majani yaliyozama, Mungu akubariki sana. Nilikamulia kishada kimoja cha magugu maji kwenye chupa, na tone la kwanza tu lilikuwa limejaa uhai. Nilianza na ukuzaji wa mara 40 badala ya kukimbilia 400, nikapunguza mwanga kwa kubana tundu lililo chini ya slaidi (kile kioo cha kuwekea tone). Hapo viumbe visivyo na rangi vikajitokeza. Nimemwona vortisela! Ni kiumbe cha seli moja, kama kikengele juu ya kikonyo chembamba. Ukigusa slaidi kidogo, kikonyo kinajikunja ghafla kama springi, kisha kinanyooka taratibu. Nilimkodolea macho karibu saa nzima.

Paramesiamu, viumbe wengine wa seli moja wanaoogelea, walikuwa wananipita mbio, ila nyuzi chache za pamba chini ya kioo cha kufunikia ziliwazuia. Chupa sasa naijaza nusu, siikazi kifuniko, na naiweka mbali na jua kali. Leo siku ya 9, bado wazima.

Yaliyoshindikana: dubu-maji (kale kanyama kadogo sana ka miguu minane) sijampata hata mmoja, mwani nautambua kwa makundi tu, na picha za simu bado zina ukungu, hata baada ya kuiegemeza kama mlivyonielekeza.

Asanteni sana, jamani.