Naomba ushauri: fayaplesi ya gesi ya kujengea ukutani, nyumba ipo Chukwani

KipupweChukwani
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina suali la ufundi, wenye ujuzi wanisaidie, wenye mzaha wapite kando. Nataka fayaplesi ya gesi sebuleni, ile ya kujengea ndani ya ukuta, siyo hita ya kusogeza. Suali langu ni moja tu: mpira wa gesi kutoka mtungini unaweza kwenda mita ngapi bila ya moto kupungua nguvu? Fundi wangu anasema mita nane hazina neno, lakini nafsi yangu haijatulia. Naomba majibu ya haraka, kazi inatakiwa imalizike kabla ya Julai.

PwezaMkavu
Chukwani hii hii ya Unguja au kuna nyengine Ulaya? Yakhe, feni langu halijapumzika tangu Ramadhani, wewe unataka kuota moto.

BabaWaBaraza
Wacheni kumcheka. Mimi nilikuwa baharia, moto wa ukutani nimeuona Hamburg, kwa mama mmoja aliyekuwa akitupangisha vyumba. Ule ulikuwa wa makaa ya mawe, asubuhi kazi ya mwanzo ni kuzoa majivu kwa sepetu na ndoo ya bati. Sisi watu wa joto tukigombania kiti cha karibu, mwenzangu mmoja wa Makunduchi akaiunguza suruali pajani, na hakuwa na nyengine. Chai yao haina ladha lakini mkate mzuri. Kuhusu gesi sijui.

MamaNassor
Kila mtu na riziki yake, sikatai. Lakini wapo watu hapo hapo Chukwani wanaamka usiku wa manane kuchota maji kwa kuwa mchana hayatoki. Pesa hiyo ungechimba kisima, ungeota thawabu badala ya moto.

FundiKoki
Jamani kauliza suali, tumjibu. Ndugu yangu, mita siyo tatizo lako. Mpira ni wa jikoni, mtungi na jiko vikiwa vinatazamana, mita moja na kitu basi. Masafa marefu yanataka bomba la shaba, na lipite pahala linapoonekana. Likilazimika kupenya ukuta lipenyezwe ndani ya bomba jengine la kinga. Mpira ukiuzika kwenye plasta, siku ukichanika utasikia harufu nyumba nzima na hutojua uanze kubomoa wapi.
Sasa na wewe nijibu. Mtungi utakaa wapi? Moshi utatokea wapi? Na kifaa chenyewe umekipata wapi?

KipupweChukwani
Ahsante fundi. Mtungi upo pahala salama, hauonekani na watoto hawaufikii. Moshi hamna, hii ni gesi siyo kuni. Kwani wewe ukipika kwako unaona moshi? Kifaa ni cha Uingereza, kizito, watu wanne ndio waliokibeba. Mama Nassor, kisima tunacho, Alhamdulillahi. Narudi kwenye suali langu la mita.

Ukoka
Nami niulize hapo hapo. Jiko langu la plate mbili, upande mmoja moto unatoka mwekundu na sufuria zinapiga masizi. Ni mtungi au jiko?

FundiKoki
Ukoka, jiko. Toa kile kichwa cha moto, zibua matundu, kipanguse kikauke. Ikiwa bado, angalia pale hewa inapoingilia chini, buibui wanapapenda.
Kipupwe, umeandika mtungi "upo". Nimekuuliza utakaa wapi, wewe unaniambia upo. Hii kitu imeshafungwa?
Na hilo la moshi usilichukulie wepesi. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji kama kilo moja na nusu, kwa mvuke. Mvuke huo kama hauna pa kutokea utakaa kwenye kuta zako, na unyevu wa pwani unaujua, miezi miwili ukuta utaota ukungu mweusi. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haionekani na hainuki. Ile harufu mbaya unayoisikia mtungi ukivuja imetiwa makusudi ili watu wajue, monoksaidi hakuna aliyeitia harufu. Ukiivuta inaikamata damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, mtu analala haamki. Jikoni unapika saa moja na dirisha liko wazi. Fayaplesi inawaka jioni nzima na watu wamejifungia.

MtuWaMakete
Fundi kasema kweli. Huku kwetu Nyanda za Juu mwezi wa saba baridi inauma mpaka barafu inaganda kwenye majani. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga mlango, asubuhi majirani wanavunja. Kila msimu tunaonywa, kila msimu tunazika. Ninyi wa Zanzibar mnatafuta nini huko, baridi yenyewe nyuzi 22?

KipupweChukwani
Haya, ngoja niseme yote ili tusizungushane. Ndiyo, imeshafungwa. Nyumba si yangu, ni ya dada yangu yuko Leicester, mimi ndiye msimamizi. Anakuja Julai na mumewe, na huyo shemeji ndiye aliyesema nyumba bila ya fayaplesi siyo nyumba. Waliposhughulika na ukarabati wa nyumba yao ya kule walikitoa hiki, wakakitia kwenye kontena pamoja na makochi. Nikatae vipi mzigo uliolipiwa hadi bandarini?
Mtungi wa kilo 38 uko kwenye stoo chini ya ngazi. Nje siuweki. Kwanza wezi, pili ule upepo wa chumvi unakula chuma, tuko karibu na bahari. Mpira umepita ndani ya ukuta na juu yake tumeshabandika marumaru. Marumaru hizo siziondoi, fundi wake karudi Tanga. Na nyumba ina AC, kwa hiyo hewa ipo.

FundiKoki
AC haileti hewa. Inaizungusha ile ile iliyomo ndani na kuipoza, ndiyo maana mnafunga madirisha. Na stoo chini ya ngazi ndiyo pahala pabaya kuliko pote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inateremka inatanda sakafuni. Stoo haina dirisha, itajaa kimya kimya mpaka mtu awashe taa. Mtungi ukae nje, wima, kwenye kibanda cha matofali chenye matundu chini, mlango wa nondo na kufuli. Chumvi? Paka rangi kibanda, na mtungi ukiisha unarudishwa unapewa mwengine, hukai nao miaka.

Kidagaa
Nimesoma mwanzo hadi mwisho na nina neno moja: chai. Na iliki imezidi. Fayaplesi, Leicester, marumaru, fundi karudi Tanga, shemeji wa Kizungu, hakuna picha hata moja. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Huyu ni yule yule aliyetuletea habari ya pomboo wa Kizimkazi aliyerudisha simu. Fundi Koki unachosha vidole vyako bure, mwenzio anacheka tu huko.

PwezaMkavu
😂😂 Pomboo alirudisha na chaji yake.

MamaNassor
Hata mimi nilipoona "watu wanne ndio waliokibeba" moyo ukanambia. Kitu cha moto kibebwe na watu wanne, jeneza?

Kidagaa
Kama ni kweli, basi kitu cha Ulaya lazima kiwe na kibati cha maelezo. Tuandikie kilichoandikwa hapo, sasa hivi, kabla hujapata muda wa kutafuta mtandaoni.

KipupweChukwani
Nyinyi watu mna dhana mbaya. Sitii picha kwa sababu dada naye anapita humu, sebule yake ataijua kwa pazia tu. Shemeji wala si Mzungu, ni mtu wa Wete. Kibati kiko chini, nyuma ya yale makaa ya bandia, nimelala kifudifudi na tochi ya simu, shati limejaa masizi. Haya: kuna herufi GB, kuna 6.8 kW, kuna G20, halafu 20 mbar. Mengine yamefutika. Umeridhika?

FundiKoki
Kidagaa karidhika sijui, mimi nimekaa kitako. G20 ni gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba ya mtaa huko Uingereza. Gesi yetu ya mtungi ni nyengine, kwenye vibati huandikwa G30 au G31, na presha yake ni 28 hadi 37. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kitundu cha sindano ya gesi kinatakiwa kiwe kidogo. Wewe unaipitisha kwenye kitundu kikubwa kilichotobolewa kwa gesi nyengine. Inatoka nyingi, hewa haiitoshi, inaungua nusu nusu. Hayo masizi kwenye shati lako yametoka wapi kama hakijawashwa?
Niambie ukweli. Mmekiwasha? Moto ulikuwa vipi?

KipupweChukwani
Tulikijaribu, ndiyo. Moto ulikuwa mzuri mno, wa manjano, mkubwa, unaruka mpaka juu, fundi akasema kama wa sinema. Ukutani juu umeacha weusi kidogo nikafikiri ni vumbi la safarini.

FundiKoki
Kule kilikotoka kilikaa chini ya dohani, ile njia ya kupandishia moshi hadi juu ya paa. Kwenu dohani iko wapi?

KipupweChukwani
Dohani tuliiziba. Yaani hatukuijenga. Shemeji alituma picha, kwenye picha dohani haionekani.

PwezaMkavu
Kwa sababu iko ndani ya ukuta, yakhe!!

MamaNassor
Mimi nauliza la mama. Humo ndani kunalala nani?

KipupweChukwani
Mimi na bi mkubwa. Yeye chumba chake kinapakana na sebule.

MamaNassor
Na siku mliyowasha alikuwepo?

KipupweChukwani
Alikuwepo. Alikaa nasi sebuleni hadi Isha, akaenda kulala. Usiku alilalamika kichwa, akatapika, tukasema presha, maana dawa zake huwa anaziruka. Asubuhi alikaa barazani akawa hana kitu. Juzi tukawasha tena kidogo kumrekodia dada video, kikamrudia. Sikutaka kulitaja kwa sababu haina uhusiano na suali la mpira.

Ukoka
Ina uhusiano, ndugu yangu, ina uhusiano. Ule umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, jirani yetu Mwanakwerekwe aliliweka jenereta ukumbini akiogopa kuibiwa, kama wewe na mtungi wako. Mlango wa nje akauegesha tu. Usiku mtoto wao wa mwisho akawa analia hanyamazi, baba akainuka kumtazama, miguu haimchukui, akaanguka. Alitambaa hadi mlangoni. Sisi tulisikia mlango ukigongwa chini, chini kabisa, tukadhani mbuzi. Tuliwatoa watu watano, mkewe alikuwa hajijui. Kichwa na kutapika, vile vile unavyosema, na walipopata upepo wa nje wakaanza kurudi. Walipona wote. Mpaka leo yule mtoto tunamwita Kengele.

FundiKoki
Bwana Kipupwe, sasa hivi, siyo kesho. Funga koki ya mtungi, toa regileta, utoe mtungi nje uwanjani. Swichi ya stoo usiiguse. Fungua madirisha. Bi mkubwa umpeleke hospitali, na daktari mwambie maneno haya haya: moto wa gesi, chumba kimefungwa, kichwa na kutapika, akitoka nje anapata nafuu. Usimwambie presha. Wewe nawe kapimwe, umelala nyumba hiyo hiyo.

Kidagaa
Nimenyamaza. Mtoe mama, ndugu yangu.

BabaWaBaraza
Yule mama wa Hamburg kila mwaka alikuwa akimwita mtu wa kufagia dohani. Tukimwona juha.

KipupweChukwani
Tumerudi hospitali. Yuko sawa, kalala kwa khalati Fuoni, anasema nyumba ya Chukwani harudi mpaka "lile lidude" litolewe. Mtungi uko nje. Nimempigia dada, kanuna. Anasema fundi wa kule alikifunga miaka kumi na moja bila ya mtu kuumwa. Nikamwambia kule kulikuwa na dohani na gesi nyengine, akanikatia.
Fundi, hakuna njia ya kukibadilisha hicho kitundu tu? Marumaru zimekula pesa.

FundiKoki
Kitundu peke yake hakitoshi. Vipo vifaa ambavyo mtengenezaji mwenyewe anauza seti ya kuvigeuza vitumie gesi ya mtungi, vyengine havigeuki kabisa. Na ukikigeuza bado huna dohani. Kwao kazi hiyo anaifanya mtu aliyesajiliwa kwa gesi, siyo kila mwenye spana. Akitaka kweli moto wa gesi, anunue kipya cha mtungi kilichofungwa kioo mbele, chenye bomba mbili, moja ndani ya jengine, zinazotoboka hadi nje: bomba la nje linavuta hewa, la ndani linatoa moshi, hewa ya sebule haiguswi. Mtungi nje, bomba la shaba, mnapaka povu la sabuni kila kiungo kabla ya kuwasha, na kengele ya monoksaidi ukutani chumba cha bi mkubwa. Kabla ya yote waulize Zimamoto waje wapatazame. Bei yake itamfanya shemeji apende feni.

PwezaMkavu
Au mumfungulie shemeji dirisha la jikoni wakati wa kukaanga samaki, ataota.

KipupweChukwani
Kuna hizi za umeme, zina taa inayochezacheza kama moto, nimeziona zinauzwa mtandaoni. Nikiichomeka moja ndani ya tundu lile lile, marumaru zikabaki, nyaya nikaficha, dada atajua?

MamaNassor
Atajua.

Kidagaa
Si ulisema anapita humu?