Wakuu, binti achukue PCB au HGL? Naombeni ushauri wa haraka

Mzee wa Uyole: Habari za usiku wakuu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne hapa Mbeya, divisheni wani. Baiolojia A, Kemia B, Fizikia B. Yeye anang'ang'ania PCB (fizikia, kemia, baiolojia), mimi naona HGL (historia, jiografia, Kiingereza) itamfaa kidato cha tano, mtoto wa kike asije akaumia kichwa bure. Busara zenu.

Spea Mwanjelwa: B ya fizikia halafu akasome historia? Mimi nilikuwa na C ya kubahatisha nikaenda PCM (fizikia, kemia, hesabu). Sasa nauza shokapu, ila stori za maabara ninazo.

Gunia la Viazi: Mwacheni mzee. Daktari wa kike nani atamuoa?

Mama K: Mimi nimeolewa na PCB yangu, kaka. Shuleni kwetu Iringa siku za praktiko wavulana ndio walioshika bureti (mrija wa kupimia kemikali), sisi tukaandikishwa namba. Bureti ya kwanza nimeishika kwenye mtihani. Mikono ilitetemeka hadi rangi ya indiketa ikapitiliza.

Tupo Makambako: Mleta mada, mbona haraka? Kuna kitu hujasema.

Mzee wa Uyole: Ni dirisha tu la kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, mtandaoni.

Tupo Makambako: Abadili nani? Si yeye ndiye mwenye namba ya siri?

Mzee wa Uyole: Sawa. Juzi nilimwomba namba, nikapita steshenari nikaweka HGL. Hajui bado. Ila msinihukumu, kaka yake yuko chuo cha kulipia, na PCB bila tuisheni haiendi. Mzazi anatazama mbali.

Mama K: Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022. Akifaulu vizuri sayansi kidato cha sita kuna ufadhili wa Samia wa chuo. Tafuta sababu nyingine.

Gunia la Viazi: Kwani gunia la viazi Uyole leo shilingi ngapi?

Mchunguzi: Subirini. Kwenye uzi wa mbolea huyu mzee alijitambulisha kuwa mwalimu wa fizikia. Mwalimu wa fizikia anamkimbiza mwanawe fizikia? Hii chai, tena haina sukari.

Spea Mwanjelwa: Nilijua! Na mimi nilikuwa nimeshamwonea huruma.

Mzee wa Uyole: Si chai. Nimefundisha miaka 14. Darasa la PCM wasichana wanakuja sita, wanabaki wawili. Nimewaona wanavyolia nyuma ya maabara. Sitaki wangu awe miongoni mwa wanaolia.

Mama K: Mwalimu, na bureti ulimpa nani?

Mzee wa Uyole: Vifaa vichache, dada. Anayewahi ndiye anashika.

Mama K: Haya.

Tupo Makambako: Dirisha limefungwa?

Mzee wa Uyole: Bado siku nne. Kesho nitaongea na mama yake kwanza.

Spea Mwanjelwa: Mama yake ndiye anayeenda kusoma PCB?