Tupeane uzoefu: Unguja hadi Jeddah ni masaa mangapi khasa?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Bi mkubwa wangu anakwenda Umra inshallah, na mguu unamsumbua, kukaa sana hawezi. Kwenye ramani, Unguja na Jeddah ziko takriban mstari mmoja, kusini kwenda kaskazini, kilomita kama 3,100. Ndege ikinyoosha ni masaa manne na kitu. Lakini tikiti tulizopewa, moja inapita Addis Ababa, nyengine Doha, na zote zimepindukia masaa kumi. Mliokwisha kwenda na wazee wenu, nambieni ilikuwaje.

Mtoto wa Mlandege
Waalaykum salaam. Mie nilimpeleka baba kwa Addis. Addis nayo iko kwenye mstari huohuo, kwa hivyo hurefushi njia: masaa mawili na nusu hivi mpaka pale, halafu kama mawili mengine mpaka Jeddah. Kilichobaki chote ni kungojea. Na hapo pa kungojea pana baridi, uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Baba alikuwa na kanzu na kofia tu, nikamvisha kikoi changu mabegani na bado anatetemeka, chai ikimmwagikia mkononi. Mama mchukulie shali nzito na soksi, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si begi la chini. Na kiti cha magurudumu kiombeni wakati wa kukata tikiti, msingoje uwanjani.

Bint Makunduchi
Sisi Doha. Ni kuzunguka kweli, kilomita 3,750 hivi kwenda, kisha unarudi magharibi zaidi ya 1,300. Ila mama yangu alilala kipande kile kirefu chote, na kwake usingizi ndio ulikuwa nafuu. Saa haibadiliki njia yoyote mtakayopita, hata sala hazimchanganyi.

Wa Chake
Nyie mnahesabu kutoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja. Sisi Pemba tunaanzia Chake, nusu saa tu angani, lakini ndege ndogo na begi linapimwa, kilo 15 kwa kawaida. Mabegi makubwa tunayatanguliza kwa boti kutoka Mkoani siku moja kabla, mtu wa kuyapokea awepo Malindi, bandarini Unguja. Kurudi vivyo hivyo, dumu la zamzam la lita 5 linakuja kwa boti.

Aliyeanzisha
Shukran sana. Nimeuliza tena, ipo ya Addis yenye kungojea masaa matatu. Hiyo ndiyo tutakayoikata.

Mtoto wa Mlandege
Kheri. Angalia na tarehe vizuri, kaka. Ikiandikwa Ijumaa 00:40, uwanjani mnatakiwa Alkhamis usiku. Watu wanaachwa na ndege kwa hilo.