Tupeane uzoefu: kutu ilikula kiasi gani cha ngano au mahindi yako?

Wakulima wenzangu, habari za kazi. Naomba tuzungumzie kutu, ugonjwa wa ukungu unaotoa vumbi la njano au la kahawia kwenye majani na shina. Wengi tunaiona ikiingia, ila hasara yake tunaijua wakati wa kupima magunia. Msimu uliopita masuke yangu yalisimama vizuri, ukiyatazama kwa mbali unaona mavuno yapo. Nikafikicha suke moja kiganjani: punje zimesinyaa, nikipuliza makapi na zenyewe zinaruka. Masuke hayakupungua, uzito ndio uliopotea. Leteni ya kwenu.

Mlima Ngano
Pole sana. Yangu ilikuwa kutu ya manjano, ile inayojipanga kwa mistari kwenye jani na kupenda baridi na umande. Ilishika jani la juu kabisa kabla suke halijatoka, na jani hilo ndilo linalochangia sana kujaza punje. Jirani iliingia kwake punje zikiwa zimeshakomaa, akavuna kama kawaida. Kwa hiyo mtu akiniuliza kutu inapunguza mavuno kiasi gani, namuuliza kwanza iliingia lini.

Jembe Halilali
Ya shina ndiyo inayonitisha. Inapasua ganda la shina, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi jekundu la tofali. Maji hayapandi vizuri, shina linakatika, ngano inalala, na kombaini haiokoti kilicholala. Mbegu isiyo na kinga inaweza kuteketea shamba zima. Tena msiseme "mbegu yangu haishiki kutu" mkalala usingizi. Kundi la kutu ya shina liitwalo Ug99, lililogunduliwa Uganda mwaka 1998, lilivunja kinga ya Sr31, jeni (chembe ya urithi) iliyokuwa ikitegemewa kwenye ngano ya nchi nyingi. Kutoka Afrika Mashariki likafika Yemen, na mwaka 2007 likaonekana Iran. Vimelea hivi husafiri na upepo. Siku hizi nikinunua mbegu nauliza kama kinga yake inatoka kwenye jeni zaidi ya moja.

Mama Mahindi
Na sisi wa mahindi tusisahaulike! Kutu ya kawaida hutoa vipele pande zote mbili za jani, na mara nyingi mahindi yakishakua huvumilia. Ile ya maeneo ya joto ina vipele vidogo vya rangi ya chungwa vilivyosongamana upande wa juu wa jani. Hiyo inakausha majani haraka, magunzi yanabaki na ncha tupu.

Mlima Ngano
Kuhusu dawa ya ukungu: hizi za kundi la triazoli zinasaidia ukipiga dalili zikiwa bado chache, ukilinda lile jani la juu. Jani lililokwisha kukauka halirudi. Hali ya hewa ikiiruhusu, kutu hutoa kizazi kipya kila baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukiahirisha inakuacha nyuma. Na maotea, yaani mimea inayojiotea yenyewe baada ya mavuno, yang'olewe kabla ya msimu mpya, kutu hujificha humo.

Jembe Halilali
Mleta mada, vuna kipande kilichoshambuliwa na kilichosalimika kila kimoja peke yake, ujaze debe lile lile kwa kila kimoja, upime kilo. Tofauti ya debe itakuonyesha punje zilivyosinyaa. Ukishapima, tuletee hapa na jina la mbegu uliyopanda.