Mpwa wangu wa miaka 15 anaweza kuajiriwa Marekani?

Muulizaji, Buruburu:
Hamjambo wenzangu. Dada yangu amehamia California na mwanawe wa miaka 15, ambaye ameahidiwa kazi ya mkahawa hadi saa nne usiku. Je, inayotawala hapo ni sheria ya jimbo au ya serikali ya shirikisho?

Jibu la 1:
Zote mbili, ndugu yangu, na zinapotofautiana hufuatwa ile inayomlinda mtoto zaidi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, pamoja na kanuni zake, humruhusu mwenye miaka 14 au 15 kufanya kazi nje ya saa za masomo tu, isiyozidi saa 3 kwa siku ya shule wala saa 18 kwa wiki ya shule. Aidha, lazima aache kazi saa moja jioni, isipokuwa kuanzia Juni 1 hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambapo mwisho ni saa tatu usiku. Saa nne haikubaliki hata likizoni, nami ningemtilia shaka mwajiri anayeitaja.

Jibu la 2:
Naongezea suala la kibali: sheria ya shirikisho haikidai, lakini California hukidai kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, na kwa kawaida hutolewa kupitia shule. Halafu asikubali kuwekwa kwenye mashine ya umeme ya kukata nyama, kwani hiyo imepigwa marufuku hadi atimize miaka 18.

Muulizaji:
Ahsanteni. Nitamwambia dada aanzie shuleni.