Nambari ya uthibitisho ikisomewa tapeli, hasara iwe ya nani?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru:

Shangazi yangu, anayeuza maziwa kule Njoro, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa chama cha ushirika anakoweka akiba. Mtu huyo alilijua jina lake kamili na tawi lake, akamwambia kwamba kuna mwizi anayejaribu kuingia katika akaunti yake, na kwamba angepokea tarakimu sita ambazo angepaswa kuzisoma ili mwizi azuiwe. Ujumbe uliingia kweli, tena pale pale ambapo huingia taarifa za akiba yake ya kila mwezi. Alizisoma, na karo ya muhula ikaondoka. Chama kilimjibu kwa barua fupi kwamba aliitoa siri mwenyewe, kwa hiyo hasara ni yake.

Ninaipinga barua hiyo, na ninaomba tujadili kama sheria inapaswa kuipinga pia. Chama humtaka mwanachama ajithibitishe kila anapogusa akiba yake, lakini chenyewe hakijithibitishi kwake hata siku moja. Maafisa wake humpigia kwa namba zao binafsi kumkumbusha mkopo, na humwuliza namba ya kitambulisho kabla hawajasema lolote linaloonyesha kwamba wao ndio wao. Mtu aliyezoeshwa hivyo kwa miaka mingi amefundishwa na chama chake mwenyewe kumwitikia tapeli.

Kosa hili si geni kwa wanaosanifu mitandao. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki, yaani taratibu za kubadilishana ujumbe, za kuwawezesha wawili wasioonana kutambuana kwenye mtandao wa kompyuta. Miaka 17 ilipita kabla Gavin Lowe, mwaka 1995, hajaonyesha kwamba ile iliyotumia funguo za wazi (kila mtu ana ufunguo unaojulikana na wote wa kumfungia ujumbe, na wa siri wa kuufungua) ingeweza kuhadaliwa: ujumbe wake wa pili haukutaja jina la aliyeuandika, hivyo mlaghai aliyekaa katikati aliweza kuupokea kwa mmoja, kumpa mwingine aufungue, kisha kurudi na jibu kana kwamba ni lake. Dawa aliyopendekeza Lowe ilikuwa kulitia jina hilo ndani ya ujumbe. Kila ninapoisoma habari hiyo ninamwona shangazi, kwa sababu zile tarakimu sita nazo hazikusema ni za kazi gani. Laiti ujumbe ungeandika, “Unakaribia kutoa kiasi fulani kwenda kwa fulani,” asingezisoma. Ninyi wenyewe mnajua jinsi M-Pesa inavyoonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka, na ni wangapi wameokolewa na jina hilo moja.

Mchangiaji wa kwanza, Kisumu:

Pole kwa shangazi. Mimi ni wakala wa pesa karibu na soko la Kibuye, na machozi ya namna hiyo ninayaona. Hata hivyo, ujumbe wa namna hiyo kwa kawaida huonya kwamba nambari asipewe mtu yeyote, na onyo lililoandikwa waziwazi lina uzito wake. Tena, ndugu, chama cha ushirika hakina pesa zake mbali na zenu. Kikilipa kila anayedai kudanganywa, watakaolipa ni wauza samaki na walimu wenzake, na hautapita muda kabla wawili hawajapatana, mmoja awe tapeli na mwingine awe mhanga, kisha wagawane.

Mchangiaji wa pili, Kakamega:

Nafundisha kompyuta, na ningependa tuitazame njia yenyewe. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2017 iliuweka uthibitisho unaopitia mtandao wa simu, ujumbe mfupi ukiwemo, katika kundi la njia za kutumiwa kwa masharti, kwa kuwa laini inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Ipo njia imara zaidi, WebAuthn, iliyopitishwa kuwa kiwango cha tovuti mwaka 2019. Ndani yake simu hutunza ufunguo uliofungamanishwa na jina la tovuti moja tu, hivyo tovuti bandia haipati jibu lolote hata mtumiaji akidanganyika kabisa, na hakuna tarakimu ya kumsomea mtu. Shida ni kwamba wazazi wetu wengi wanatumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, ambayo haiwezi kazi hiyo. Tusidai kinga itakayowafaa wenye simu ghali peke yao.

Mwanzilishi wa mada:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, nakubali, na ndiyo maana nilianza na maneno ya ujumbe, ambayo kabambe yoyote huyaonyesha.

Kwako wa Kisumu, hofu ya njama ni ya haki. Uingereza waliikabili: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe kwa njia ya benki hurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na ile iliyopokea, aliyeshiriki ulaghai hapati kitu, na mzembe wa kupindukia anaweza kunyimwa. Kinachonivutia hapo ni ile nusu ya pili, kwa sababu benki iliyomfungulia tapeli akaunti nayo inaguswa mfukoni, ndipo inapoanza kuwachunguza wateja wake. Kuhusu onyo, tapeli alijua litakuwepo, akamwambia shangazi kwamba maneno hayo yanawahusu wageni, si maafisa. Onyo lile lingekuwa na nguvu iwapo afisa halisi asingewahi kumwomba siri yoyote kwa simu.

Kwa hiyo nitapeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama: maafisa wasimwulize mwanachama lolote la siri kwa simu, kila nambari ya uthibitisho itaje kiasi na mpokeaji, na hadi siku mambo hayo mawili yatakapotekelezwa, hasara ya namna hii ibebwe na chama. Wenye kupinga kipengele hicho cha mwisho, naomba mniandikie hapa kabla ya mkutano, kwa maana ndicho kitakachobishaniwa.