Mrejesho: maji yamesimama bondeni, nyasi za juu bado zinapambana na magugu

Wakuu, asanteni. Swali lilihusu shamba la zamani la mahindi huko Iowa, Marekani, linalorudishwa kuwa mbuga ya nyasi asilia na ardhioevu: maji hayatuami bondeni, na mbegu zilizopandwa juu zimemezwa na magugu.

Mliosema mchawi ni mabomba ya udongo yaliyofukiwa zamani kukausha shamba, mmepatia. Kuziba mdomo wa bomba tu hakutoshi, maana maji hupenya kwenye viungio na kutokea mbele. Kimeng'olewa kipande cha mita 15, ncha zikazibwa, mtaro ukajazwa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Sasa maji yanafika magotini na bata wameshatua.

Kule juu hatujapanda upya. Mwaka wa kwanza nyasi hizi hujenga mizizi. Ng'oa mche mmoja uone, jani jembamba kama uzi, mzizi umeliacha mbali. Magugu yanafyekwa kabla ya kutoa mbegu, panga likipita sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi ili miche isiguswe. Mbolea marufuku: naitrojeni hunenepesha magugu kwanza.

Palipobaki wazi patapandwa mwishoni mwa vuli, kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa mbegu nyingi za huko huhitaji baridi na unyevu ndipo ziote. Zisizidi milimita 6 kwenda chini.

Kinachosumbua ni Phalaris arundinacea, nyasi ndefu vamizi, pembezoni mwa maji. Moto pekee hauimalizi, inachipua tena kutoka mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Aliyewahi kuidhibiti bila kuua matete asilia, atuambie alianzia wapi.